Kitenzi cha Kwanza cha Mademoiselle Anastasie

Mwaka 1956, juu ya kamio, lori la mizigo, ya kutoka Sake kwenda Masisi, niliketi karibu na Anastasie, msichana aliyekuwa anakwenda kuanza kazi ya ualimu Kibabi. Papa Edmond, karani wa shamba la mzungu, akamjaribu kwa kitenzi cha Kifaransa: “Dada, verbe travailler, kufanya kazi, unaijua?” “Je travaille, je travaillais, je travaillerai,” akajibu, kisha akaingia subjonctif, ile hali inayowashinda wengi: “que nous travaillions.” Kamio iliruka shimo, yeye hakuruka hata silabi.

“Vizuri sana,” akasema Edmond. “Lakini watoto uwaanzishe na impératif, ya kuamuru: travaillez, fanyeni kazi! Njo ile watasikia kwa patron.” “Hapana, Papa. Ile wanaisikia tangu kuzaliwa. Mimi nitaanza na futur: nous déciderons, sisi tutaamua.”

Edmond aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba patron wake, yule mzungu, amekaa juu ya magunia ya maharagwe. “Neno ile itakuletea matata, mutoto yangu.” “Iko verbe tu, Papa. Tena régulier, inafuata sheria.”

Kamio ikasimama Mushaki. Edmond alishuka, akavua kofia, akapaza sauti kutoka chini: “Bado hatuyamaliza! Nous discuterons, tutajadiliana, Mademoiselle!” Anastasie akampigia makofi.