Mwaka Tulioambiwa Tupunguze Matumaini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwakataza watu kununua vitu, mshauri wetu wa uwekezaji anastaafu tarehe 31 Desemba, saa kumi na moja jioni. Tulimsihi aondoke wiki moja mapema akapumzike. Alijibu kwamba mwezi haukatwi vipande kama mkate.

Wateja humwita Baba Bana, kwa sababu ya kubana matumizi. Alianza kama karani wakati kampuni ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Leo tuna vyumba vitatu juu ya duka hilohilo, na hakuna kati yetu ambaye hajazimiwa taa naye huku bado anaandika. Penseli zake hutumika mpaka zinakuwa na urefu wa njugu.

Kazi iliyomjengea jina ni barua ya mwisho wa mwaka. Kila Desemba huwaandikia wateja yaleyale: ada ya Januari itengwe kabla ya sherehe, deni lenye riba kubwa litangulie kulipwa, akiba iwekwe siku mshahara unapoingia, si siku unapokwisha. Huichapa kwa vidole viwili na haruhusu mtu kuihakiki, akidai macho ya ziada ni gharama.

Miaka minane iliyopita tuliona gharama ya kukosa macho hayo. Kichwa kilichopaswa kusema "Punguzeni matumizi kabla ya mwaka kwisha" kiliwafikia wateja mia mbili kikisema "Punguzeni matumaini." Simu ziliita kutwa. Mwalimu mmoja aliuliza kama tumefilisika au tumeokoka. Mkurugenzi aliagiza barua ya kuomba radhi iandikwe kabla ya chakula cha mchana.

Kabla haijaandikwa aliingia mama mmoja, fundi cherehani, mteja wetu wa miaka mingi. Alikuja kutoa akiba yote, ada ya binti yake chuo cha uuguzi, aipeleke kwa watu waliomwahidi kwamba itazaa mara mbili kwa siku tisini. Lakini kwanza aliibamiza barua mezani, akamtaka Baba Bana amwambie, kama ni mwanamume kweli, apunguze tumaini lipi, maana yeye anayo chungu nzima.

Baba Bana angeweza kuomba radhi yakaisha. Badala yake alimwambia ayataje. Binti amalize chuo. Paa la kibanda lisivuje. Fedha zizae kwa siku tisini. Aliyaandika yote matatu, akalikata la tatu. Mama alimwita mchawi wa furaha za watu, akaondoka bila kuaga. Fedha aliziacha. Kufikia Machi, wale wa siku tisini walikuwa wamezima simu.

Barua ya radhi haikuandikwa. Tangu hapo hakuna mteja wetu anayeulizwa anatumia nini kabla hajaulizwa anatumaini nini. Baba Bana mwenyewe hakubali sifa. Husema ushauri wake sahihi mama yule aliupuuza miaka sita, akaja kusikia kosa la kuchapa.

Binti sasa ni muuguzi. Mama ndiye aliyeshona suti ambayo Baba Bana ataagwa nayo kesho. Mzee aliomba iwe pana kidogo, isije ikamlazimu kushona nyingine, na ameuliza bei mara nne. Mama amekataa kuitaja.

Baba Bana, kuna bei ambayo mtu haulizi mara ya tano. Asante kwa kazi yako yote. Vaa suti, kaa meza ya mbele, na Mungu akupe miaka mingi ya kuichakaza.