Nyama ya Mrisho

Shirika la nafaka lilipofungwa na wafanyakazi kupunguzwa, ghala lake mtaani kwetu Kikuyu lilibaki na paka. Nafaka ikaisha, panya wakahama, paka wakazaana na kuingia mitaani. Benchi letu la kahawa lilikuwa mbele ya ghala hilo. Asubuhi moja, upepo wa vumbi ukitupiga machoni, Mrisho muuza spea alikuja na mfuko wa nailoni, akautua katikati yetu. Mzee Abdulrazaki, muuza kahawa, akaacha kumimina.

— Umebeba nini, Mrisho?

— Nyama na dawa yake. Paka wa ghala leo wanakwisha.

Hakuna aliyecheka. Binti wa Mrisho, Stara, alikuwa ameng'atwa mkono na mmoja wao, na sindano za kichaa cha mbwa bado zilikuwa zinaendelea.

— Una haki, — akasema Elisante, tarishi wa wizara tuliyemwita Waziri. — Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo walivyozaana hao!

— Hawazaani, wanaletwa, — akadakia Nikodemo, tuliyemwita Profesa kwa kuwa chuo kilimshinda. — Hilo ndilo soko huria. Mitumba imeingia, redio zimeingia, na paka pia.

— Paka wa mtumba, Profesa?

— Wanashushwa na treni ya mizigo! Halafu yuleyule aliyewaleta anakuja kutuuzia sumu.

— Basi tuwapeleke Kolo, — akasema Waziri. — Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakae kwenye michoro ya mapangoni, wazungu wawapige picha kwa dola.

Mrisho akalipiga benchi ngumi, vikombe vikaruka.

— Mwanangu analia kila akiona sindano, nyie mnaleta porojo!

Akanyakua mfuko. Mzee Abdulrazaki akamshika mkono.

— Subiri kwanza, mwanangu.

— Niache, mzee!

Ndipo akafika mwanamke na baiskeli, nyuma amefunga mtego wa waya kama tundu la kuku. Alikuwa Debora, daktari wa mifugo aliyehamia mtaa wa Nkuhungu.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, kaka zangu. Nimesikia kuna mtoto kang'atwa. Nimekuja kuwatega paka hawa. Aliyemng'ata nitamfungia nimchunguze. Wengine nitawachanja, nitawahasi wasizae tena, kisha nitawarudisha.

— Uwarudishe? — Mrisho akafoka. — Mimi ndiye baba wa huyo mtoto!

— Pole sana, kaka. Lakini ukiwaua hawa, mabaki ya bucha la jirani yatawavuta wengine wasiochanjwa. — Akauona mfuko. — Hiyo ina sumu?

— Ndiyo.

— Ukishaiweka hapo, utamzuiaje mtoto wa mwenzio asiiokote?

Profesa akachungulia kikombe chake. Waziri akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa. Mrisho akachuchumaa vumbini, akalia mbele yetu bila kujificha.

Alipoinuka, alimpa Debora mfuko.

— Huyo aliyemng'ata namjua. Ana mkia mfupi. Twende nikuonyeshe.

Wakaingia ghalani wawili, tundu wamelishika huku na huku. Stara alimaliza sindano zake, akapona. Paka waliorudishwa hawakuzaa tena. Mrisho hakuwahi kuwapenda. Akiwakuta njiani alitema mate, akapita zake.