Nilimzibia Mwanangu Madirisha

Asalaam aleikum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola, aliyenivusha nikiwa hai na mwanangu akiwa hai.

Msiyashangae macho yangu. Mimi mzaliwa wa Unguja, ila wazee wangu walitoka Uchina, wakiuza majongoo ya pwani. Nikaolewa na Mwarabu, nikasilimu, na baada ya mapinduzi tukaja hapa Maskati, kwao mume wangu. Yeye akaenda Kuwaiti kutafuta kazi. Nikabaki na mimba na khofu.

Ndugu zangu, mpaka leo nnaogopa kulisimulia jambo hili! Nilijifungua wakati wa joto, lile ambalo hata ukuta haushikiki. Kwetu Wachina mzazi na mtoto hukaa ndani mwezi mzima, upepo usiwaguse. Marehemu mama aliniusia: "Upepo ukimwingia mtoto mchanga, humpati tena." Kule Unguja mama alitulea hivyo sote na tukakua. Basi nikaziba madirisha kwa matambara, nikamvisha mwanangu Nasra fulana mbili na soksi, nikamviringisha blanketi. Akilia, namwongeza nguo. Wallahi, namwongeza nguo!

Siku ya kumi na moja, asubuhi, akanyamaza. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani amelala. Kumgusa, moto kama chungu jikoni! Midomo imekauka, winda halina hata tone la mkojo. Nikapiga ukelele.

Jirani yangu, Bi Shekha, akaja mbio. "Fungua! Nipe mtoto!" Nikaegemeza mgongo mlangoni. Namwogopa yeye, nauogopa upepo, namwogopa mama aliye kaburini. Nikalia, "Ya Rabi, sijui tena! Nionyeshe!" Nikatoa komeo, nikampa mtoto.

Bi Shekha akamvua nguo zote, akamlaza uani kivulini, akawa anampangusa kwa kitambaa cha maji. "Mpe ziwa, mwanangu. Mpe tu." Hanyonyi. Nikajua nimemuua mwanangu kwa mapenzi. Ikaadhiniwa adhuhuri, hanyonyi. Mara nikahisi midomo inavuta, kidogo, tena kidogo. Alhamdulillahi!

Sasa ana miaka mitatu, hashikiki kwa mbio. Mama simlaumu, alinipa alichokuwa nacho. Lakini, ndugu zangu, Mungu husaidia kwa mkono wa aliye karibu, nami nilikuwa nimeufungia mlango mkono huo. Wewe mama mgeni, uliyejifungia na mwanao ukitetemeka, mtegemee Mola na uniite. Nyumba yangu ya tatu toka kisimani. Ukiona haya kuja, piga ukelele tu, ntakuja mimi.