Wasifu wa Marehemu Mzee Reverien Nduwayezu, Mtunzi wa Nyimbo Thelathini na Moja

Mzee Reverien Nduwayezu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Rutana, Burundi, mtoto wa pili kati ya sita. Wenzake wote walimtangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, na mwaka 1963 akaingia seminari ndogo. Huko padre mmoja alimkalisha kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na hakuinuka tena. Alijifunza nota, muziki wa sauti nne na vile vipande virefu vya watunzi wa kale wa Ulaya, visivyo na maneno. Alipovipiga huku kwetu, watu walimsikiliza weee, mwishowe bibi mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, huo wimbo utaanza saa ngapi?" Alicheka mpaka akashika kinanda asianguke.

Seminari ilimpa pia desturi aliyoishika maisha yake yote. Mtunzi haandiki jina lake juu ya wimbo, maana ameshamtolea Mungu. Anayenakili ndiye anaandika lake chini: "Imenakiliwa na fulani." Mzee alisema ni ili nota ikikosewa ajulikane wa kugombezwa.

Mwaka 1972 alikimbia vita, akaingia Kitanga, upande wa Tanzania, kwa miguu, karatasi za nota amezifunga kifuani chini ya shati. Alipewa shamba, akalima maharage na muhogo. Mwaka 1976 alikuta kinanda kimeliwa na panya katika kigango kimoja kata ya Makere. Alikiziba kwa ngozi ya mbuzi na mpira wa baiskeli, akakipiga miaka thelathini na sita. Kuanzia 1985 hadi 1987 Kibondo walimwazima awafundishie kwaya. Wengi mlioketi hapa, sauti ya kwanza hadi ya nne, mlishikwa mkono na yeye.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na Kezia, binti wa Makere. Walianza kwa ugomvi. Kwenye mazoezi ya kwaya alimwambia, "Dada, unashuka."

Kezia akamjibu, "Sishuki. Wewe na kinanda chako mmepanda."

Alikwenda kupima kinanda, akakuta kweli kimepanda. Wiki iliyofuata alipeleka posa.

Mwaka 2012 mikono ilipoanza kuchoka, alimkabidhi mwanafunzi wake Tharsisi kwaya pamoja na sanduku la nyimbo thelathini. Tharsisi alizinakili upya zote, akaandika jina lake chini kama alivyofundishwa. Mwaka uliofuata kwaya ilirekodi. Tarehe 25 Agosti 2013 albamu ilizinduliwa mjini Kasulu, Mzee akiwa amekaa benchi la nyuma na Generoza, kitinda mimba wake, aliyekuwa ananyonyesha. Kwenye jalada iliandikwa: Mtunzi, Tharsisi. Walimvika Tharsisi maua. Kinanda cha umeme kikapiga mdundo wa kucheza juu ya wimbo ambao Mzee aliutunga alipozika mtoto wake wa kwanza.

Mzee aliinuka taratibu, akamfuata Tharsisi. "Mwanangu, hii imekuwaje?"

"Mzee, karatasi zote zina jina langu. Lako liko wapi?"

Mwanakwaya mmoja pembeni akatia neno: "Na wewe mkimbizi ulitaka uandikwe wapi?" Watu wakacheka. Generoza aliwaona waliocheka, na wengine wao wapo hapa leo. Walirudi Makere kwa basi, na tangu siku hiyo Mzee hakuingia tena kwenye mazoezi.

Mwezi Juni 2014 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Alitibiwa Kasulu, akarudishwa nyumbani. Generoza aliishia darasa la saba, lakini nota alizijua, maana ndizo alizojifunzia kusoma. Mtoto mgongoni, alimlisha Mzee uji, naye akamtajia wimbo wa thelathini na moja, nota moja moja, akigonga blanketi kwa kidole cha kushoto. Ulichukua miezi mitano.

Ulipokwisha, Generoza akamuuliza baba yake, "Data, jina niandike la nani?"

"Chini lako. Wewe ndiye umenakili."

"Na juu?"

Aligonga blanketi kwa kidole mpaka mtoto akaanza kulia. "Juu andika langu," akasema. "Wameshanifundisha."

Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 9 Februari 2015, alfajiri, nyumbani kwake Makere, akiwa na miaka sitini na mitano.

Juzi Tharsisi alikuja msibani. "Dada Generoza, tupatie ule wimbo wa mwisho tumwimbie Mzee."

"Nitawapa. Kwanza simama mbele ya watu useme na zile thelathini ni za nani."

"Jamani dada, si tuzike kwanza, hayo tutaongea."

Kwa hiyo wimbo huo hautaimbwa leo. Jeneza litakaposhuka, familia inaomba kimya.

Marehemu ameacha mjane, Mama Kezia, watoto wanne: Ildefonsi, Sylvesta, Stefania na Generoza, wajukuu tisa, na nyimbo thelathini na moja, ambazo sasa zote, kwa mwandiko wa Generoza anayezijua kwa moyo, zina jina la baba yao juu.

Apumzike kwa amani Reverien Nduwayezu, mtunzi.