Kengele ya Noela

Ringi kuukuu ya lori inayoning'inia shuleni ililia saa nne kamili asubuhi, na kwenye benchi la kahawa la Bibi Esteria, Makambako, wazee wawili wakatazama simu zao kwa pamoja. Kamili kweli. Mmoja aliitwa Injinia, kwa sababu aliwahi kuifungua redio ikamshinda kuifunga. Mwenzake ni Diwani: kagombea mara tatu, kura zake zikatosha ukoo wake, tena si wote. Baridi ilikuwa ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Esteria aliendelea kumimina. Alimjua anayegonga, ila alitaka kwanza wajichoshe.

— Zamani ilikuwa inagongwa mwalimu akishashiba, alisema Diwani. Siku hizi haikosei hata dakika. Wamefunga mtambo.

— Mtambo wapi! Hiyo setilaiti, alisema Injinia. Inapita juu ya milima ya Kitulo, inashusha mawimbi, ringi inalia yenyewe.

— Na nyundo?

— Inavutwa na sumaku. Unadhani makaa ya mawe ya Mchuchuma hayachimbwi kwa nini? Wanaogopa kuvuruga mawimbi.

— Kumbe! Ndiyo maana viazi vyangu vimedumaa!

— Anagonga Noela, alisema Esteria.

Vikombe vikaishia hewani.

— Noela mjukuu wako?

— Yule uliyeniambia, Injinia, kwenye benchi hilihili, nimwache nyumbani achunge kuku. Nami kwa ujinga wangu nikamwacha mwaka mzima.

Noela ana miaka kumi, hasemi zaidi ya maneno matatu kwa mkupuo, na darasani alikuwa hatulii. Kutwa anatoroka kwenda kuigonga ringi, shule nzima inatoka mbio, yeye anachapwa. Mpaka akaja Mwalimu Hyasinta, wa watoto wenye mahitaji maalumu.

— Hakumchapa, alisema Esteria. Alimwambia, "Unapenda kugonga? Basi utagonga wewe, ila muda ukifika." Akakata saa ya boksi, mishale ya mianzi, wakakaa nayo. Miezi saba, Injinia! Wewe redio ulikaa nayo siku mbili.

Diwani alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Mwalimu huyo apewe ng'ombe!

— Amlaze wapi, kwenye chumba cha kupanga? alisema Esteria. Mpelekee madawati.

Kando yao alikuwa amesimama mwanamke mwenye matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, kashikwa kitenge na mtoto wa miaka minane hivi, aliyekuwa anatazama chini tu.

— Shikamooni. Mimi Modesta, natoka kijijini, mbali. Huyu Nahumu. Walimu wa kwetu wamenirudishia mara mbili, wanasema hawamwezi. Nimesikia habari za mwalimu huyo, nikapanda gari alfajiri.

— Umefanya la maana, mama, alisema Diwani. Kama yule hakuna mwingine.

— Mbona hakuna? Kwetu mbona hayupo?

Diwani akamgeukia Injinia. Injinia akatazama mawingu, labda setilaiti ingemsaidia. Esteria akafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Ringi ikalia. Saa nne na nusu kamili. Nahumu akainua kichwa, akaitafuta sauti.

Esteria akafunika birika.

— Kahawa imekwisha.

— Esteria, si bado imejaa hiyo!

— Imekwisha. Modesta, nifuate, tukaombe nafasi. Nyie kaeni mlitafute jibu la huyu mama. Mkilipata, lileteni shuleni. Noela atawaambia kama mmechelewa.