Mchagua Maji wa Kibiti Anatuacha

Baada ya miaka kumi na tisa kazini, Bi Mwanawetu Khamisi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Katika kampuni yetu ya Mto na Ndoano, hapa Kibiti, yeye ndiye aliyeamua kila kundi la wageni likavue mto gani au ziwa gani. Mimi, Twalibu Mashaka, ni kiongozi wa wageni wakiwa majini, na nimeombwa kuandika maneno haya kwa kuwa meza zetu zinatazamana. Niseme mapema kwamba namwonea wivu. Ofisi nzima inajua, kuficha ni kazi bure.

Aliajiriwa kupokea simu. Siku zake za mwanzo akapiga mgeni kutoka ng'ambo aliyetaka kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi ya milimani. Sisi tulishaona mgeni huyo hatufai. Bi Mwanawetu akamjibu kwamba Kibiti hata maji ya mtungini hayajawahi kupoa kiasi hicho, lakini Rufiji kuna samaki mwenye meno ya mbwa, ambaye akikamata chambo mvuvi husahau trauti na jina la mkewe. Mgeni akaja. Anarudi kila mwaka, na akishuka garini humwulizia Bi Mwanawetu, si mimi ninayemshikia mtumbwi.

Hilo ndilo linaloniuma. Wageni wetu huvua kwa chambo cha manyoya, na manyoya hayo, ya kanga na ya mbuzi, nayafunga mimi kwenye ndoano. Mimi ndiye ninayesimama topeni nikimwelekeza mtu namna ya kurusha kamba. Bi Mwanawetu hajashika ufito wa kuvulia hata kwa kupigia picha. Lakini samaki akipatikana, sifa humkuta ofisini, amekaa, anakunywa chai ya tangawizi.

Nimtendee haki. Watu wa maziwani walipochukia kuona wageni wanavua samaki kisha wanamrudisha majini, wakisema tunasumbua samaki wa watu, ni yeye aliyekwenda kukaa na kina mama jikoni mpaka wakatukubali. Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa.

Namna yake ya kuchagua maji haikuwa siri. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Ziwa Utunge, na mdogo wa mumewe, Bwana Badru, bado anaishi kando ya ziwa hilo. Mashemeji hawa hawajawahi kuzungumza jambo bila utani. Akiulizwa hali ya ziwa, Badru husema: "Shemeji, huku samaki wamekwisha, wa mwisho nimemla jana na ugali." Hapo Bi Mwanawetu hukata simu na kuagiza gari la Utunge. Siku Badru akilisifia ziwa, wageni hupelekwa mtoni upande wa Utete, au Kiongoroni kwenye maji ya chumvi.

Mwaka mmoja Bi Mwanawetu alikwenda kumuuguza mama yake, nami nikajipa kazi yake. Nikampigia Badru, na ili anipokee vizuri nikajitambulisha kuwa kaka yake Mwanawetu. Alifurahi mno. "Njoo, shemeji," akaniambia, "samaki wamejaa mpaka bata wamekosa pa kukaa." Nikasahau kwamba shemeji haambiwi kweli, nikawapeleka Waholanzi. Tulikuta tope, na ng'ombe wamesimama katikati wanatutazama. Jioni Bi Mwanawetu akanipigia kuuliza kama bata nimewaona.

Badru alipojua kuwa mimi si ndugu yao, akaanza kuniita Mheshimiwa. Tangu hapo nikimpigia hunijibu kwa adabu, "Alhamdulillahi, Mheshimiwa, ziwa lipo." Kwa jibu hilo huwezi kupanga safari.

Sasa kundi la kwanza la kuchaguliwa maji rasmi na mimi linafika Jumamosi, na mkurugenzi amesema wazi kwamba nikikosea, kazi hiyo atapewa mwingine. Bi Mwanawetu yuko kwenye likizo yake ya mwisho. Amehamia Utunge kabisa, anaezeka jiko. Juzi nikameza wivu wangu, nikampigia na kumuuliza kiofisi kabisa kama ziwa lina samaki. Nikajua naye ataniita Mheshimiwa.

"Twalibu mdogo wangu," akasema, "huku usimlete mtu. Maji yamekauka, hata vyura wamehamia Nyamwage kutafuta vibarua."

Sijawahi kufurahia uongo kiasi kile. Gari la Utunge nimeshaliagiza.

Bi Mwanawetu, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kazi yako, kwa kicheko chako, na kwa tangawizi uliyotuachia kabatini. Tunakutakia maisha mema, afya njema na jiko lisilovuja. Mimi nina ombi moja tu: nikikupigia, usije ukaniambia kweli.