Wasikilizaji Ambao Bwana Aliwaleta Mmoja Mmoja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi wa hapa Ifakara nawasalimu, na ninyi mliokuja kwa treni kutoka Mlimba na Mang'ula nawasalimu pia. Wazee wangu, shikamooni. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye ukimya, akanipa watu wa kunisikiliza wakati sikuwa na yeyote.

Naitwa Skolastika. Mume wangu ni Gaudensi, yule pale nyuma, anaendesha bajaji hapa mjini. Tulipooana tulitamani watoto kama watu wote. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ilifika mwisho, nikajifungua mtoto wa kike, lakini hakulia. Nilisubiri alie. Nikamwambia muuguzi, "Dada, mpigepige mgongoni." Muuguzi akaniangalia tu, machozi yakimlengalenga. Ndipo nikaelewa.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani maziwa yakinitoka na sina wa kumnyonyesha! Watu walikuja, wakakaa kidogo, wakasema, "Kaza moyo, utapata mwingine." Hakuna aliyeuliza nilitaka kumwita nani. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliniambia kwa upole kwamba mtoto wa namna ile hazungumzwi, ukimzungumza unawafungia wenzake njia. Basi nikanyamaza. Nikaacha kwaya. Nikiona mama amebeba mtoto mgongoni, nabadilisha njia.

Siku moja ya masika, mvua imetufungia ndani, Gaudensi akanionyesha kitu kwenye simu. Kumbe kuna watu wanarekodi mazungumzo yao, wanayaweka mtandaoni, na mwenye kutaka anasikiliza kwa wakati wake. Wanaita podikasti. Akaniambia, "Mke wangu, kusema na mimi kumekushinda, na sikulaumu. Basi iambie simu."

Nikaingia chumba tunachohifadhia mpunga, nikakaa katikati ya magunia, maana mle sauti haina mwangwi. Nikamtaja mwanangu kwa mara ya kwanza. Anitha. Nikalia, nikazima, nikawasha tena. Hicho ndicho kilichokuwa kipindi changu cha kwanza, nami nikakiita Tuwataje.

Kila Alhamisi nikawa natoa kipindi. Nani alisikiliza? Gaudensi, dada yangu wa Mang'ula, na mimi mwenyewe nikirudia! Miezi ikapita hivyo hivyo. Kijana mmoja anayejua mambo ya mtandao akanifuata, akasema, "Dada, nikuwekee wasikilizaji maelfu? Watu wakiona namba kubwa na wao watakuja."

"Hao maelfu ni akina nani?" nikamuuliza.

"Si watu kabisa, dada. Ni namba tu."

Nilikataa, lakini nilifika nyumbani nimevunjika moyo. Nikapiga magoti, nikasema, "Bwana, sitaki namba. Nipe mtu mmoja mwenye masikio na mwenye jeraha kama langu. Ukinipa huyo, siachi!" Nikainuka nimeamua.

Gaudensi akaanza kuweka kipindi kwenye bajaji badala ya muziki. Abiria wakalalamika. Mmoja alimuuliza kama ametoka msibani. Hakubadilisha. Siku moja akampakia mama mmoja na mzigo wake wa mchele. Wakafika, mama hashuki.

"Mama, tumefika."

"Mwache huyo dada amalize," yule mama akasema. Kipindi kilipoisha akajifuta uso na kitenge, akasema, "Baba, naomba unitumie hicho kwenye simu yangu."

Haleluya! Kutoka kwake kikaenda kwa jirani yake, kwa jirani kikaenda kwa wifi yake. Nikajifunza hapo. Tangu siku ile, mwisho wa kila kipindi niliomba jambo moja tu: "Kama unamjua mtu aliyepitia haya, mpelekee yeye." Nikafanya vipindi vifupi, maana wengi bando hawana. Nikaenda kwenye mashine za kukoboa mpunga, wanawake wanakosubiri zamu mpaka wanachoka, nikaketi nao, nikawarushia kipindi simu kwa simu. Waliokataa niliwashukuru, nikamsogelea mwingine. Aliyetaka kusema ya kwake nilimleta kwenye magunia, na kila aliyesema, watu wa kijijini kwake walitaka kumsikia. Tukaanza kupata ujumbe kutoka Uchindile, kutoka kwa akina mama wa mashamba ya miwa, Wakristo na Waislamu.

Lakini adui naye halali, ndugu zangu! Maneno yakaanza: yule mwanamke anatangaza misiba, yule anaita mikosi. Mama mkwe akaacha kula na mimi. Nikamwambia Gaudensi, "Labda niache kwa ajili ya amani ya nyumba."

Akasema, "Wiki hii nitasema mimi."

Mume wangu si mtu wa maneno, mnamjua. Lakini alikaa kwenye magunia akaeleza jinsi alivyochimba kaburi dogo, kisha akaenda shambani kulia mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona. Kile kipindi kikafika nisikoweza kufika. Kikafika mnadani, kwa wafugaji.

Mchana mmoja ikaja pikipiki mpaka mlangoni. Alikuwa mwanaume na mkewe, Masanja na Minza, Wasukuma wanaoishi na ng'ombe wao huko bondeni. Walikuwa wameulizia kwenye kijiwe cha bajaji mpaka wakafika kwetu.

"Wewe ndiye dada wa Tuwataje?" Masanja akauliza.

"Ndiye mimi. Karibuni."

Hakukaa. Akasema akiwa amesimama, "Mke wangu amezika watatu. Ndugu zangu walisema ana mkosi, wakamkatia tiketi arudi kwao Shinyanga. Na mimi nilikuwa nimekubali. Halafu nikamsikia mumeo kwenye simu ya mwenzangu mnadani. Nikasema, huyu mtu ananisema mimi. Tiketi nimeichana."

Minza alikuwa ameinama tu. Nikamuuliza wanawe alitaka kuwaita nani. Akawataja wote watatu, taratibu, kama mtu anayewaita waje kula.

Nikageuka, nikamwona mama mkwe mlangoni na ungo mkononi. Nikajua sasa atatufukuza. Akaweka ungo chini, akaja akamshika Minza mkono. "Wangu alikuwa wa kiume," akasema. "Kabla ya Gaudensi. Sijawahi kumwambia mtu."

Gaudensi, mwanawe wa kumzaa, hakuwa anajua! Alhamisi iliyofuata mama mkwe alikaa mwenyewe kwenye magunia, akasema kwa Kiswahili na Kipogoro, na aliposhindwa nilimshika bega mpaka akaweza. Jioni ile tulikula sahani moja.

Ndugu zangu, mtoto sijapata bado. Nasema hilo mbele yenu bila aibu, na kuomba naendelea. Lakini ukimya Bwana ameuvunja! Leo wanaosikiliza ni wengi, wengine siwajui hata kwa sura, ila hakuna hata mmoja aliyenunuliwa. Kila mmoja ameletwa na mtu anayempenda. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru mume wangu, ambaye hakubadilisha ile sauti kwenye bajaji.

Wewe uliyeanza jambo jema na hakuna anayekutazama, usiache! Usitafute njia ya mkato, na usidharau mmoja. Mungu wetu hahesabu watu kama tunavyohesabu sisi. Na mwenye jambo lililomkaba koo, asirudi nalo nyumbani leo. Njoo hapa mbele tuombe pamoja. Mama mkwe wangu atakaa na akina mama, na Gaudensi yupo kwa akina baba wanaoona haya kulia. Mtumaini Bwana, ndugu yangu, hata kama umekuja peke yako. Amina!